Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mitaala ya falsafa na elimu ya dini: kurasa tunazoziruka

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, wenyeviti wa idara, na nyote mliokabidhiwa mitaala ya falsafa, teolojia na elimu ya Kiislamu,

Kwa heshima ninawaandikia kuhusu chuki dhidi ya wanawake katika matini tunazozifundisha, jambo ambalo kila mmoja wenu analifahamu, lakini ambalo mitaala yetu imelitafutia mahali pa ajabu: halikanushwi na halifundishwi. Katika kozi ya falsafa ya kale mwanafunzi husoma kitabu cha kwanza cha Siasa cha Aristotle mpaka pale binadamu anapoitwa kiumbe wa kisiasa, kisha hurukishwa aya zinazofuata muda mfupi baadaye, ambamo imeandikwa kwamba kwa maumbile mwanamume ni bora na mwanamke ni duni, na kwamba mmoja hutawala na mwingine hutawaliwa. Katika kozi ya teolojia husoma hoja za Thomas wa Akwino kuhusu kuwapo kwa Mungu, lakini swali la 92 katika sehemu hiyohiyo ya kwanza ya kitabu chake, linalouliza kama mwanamke alipaswa kuumbwa hapo mwanzo, huachwa kana kwamba halikuandikwa. Mwanafunzi makini huzifikia kurasa hizo peke yake, bila mwalimu wa kumwongoza, na matokeo yake huwa mabaya kwa pande zote mbili: ama humtupa mwandishi mzima, ama hujizoeza kutoona anachokisoma.

Ombi langu ni kwamba kurasa hizo zirudishwe darasani, zisomwe kwa fasili iliyo wazi ya chuki dhidi ya wanawake, na ziambatanishwe na majibu ambayo watu wa kale wenyewe waliyatoa. Siombi mwandishi yeyote aondolewe katika orodha ya vitabu. Wanaoomba hivyo wana sababu zao, nami sikubaliani nao, kwa kuwa huwezi kumfundisha mtu kuipinga hoja ambayo umemnyima nafasi ya kuisoma.

Nianze na fasili, kwa sababu mijadala mingi huharibika hapo hata kabla ya kuanza. Wengi wetu tunapotaja chuki dhidi ya wanawake tunafikiria hisia iliyomo moyoni mwa mtu, yaani mwanamume anayewachukia wanawake wote kwa kuwa ni wanawake. Kwa kipimo hicho karibu kila mwandishi mkubwa atatoka bila hatia. Wosia wa Aristotle, uliohifadhiwa na Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa, unaagiza mifupa ya mkewe Pythias izikwe pamoja na yake, na unamwachia Herpyllis, mwanamke aliyeishi naye baadaye, fedha, watumishi na nyumba ya kuchagua. Huyo si mtu aliyewachukia wanawake wa nyumbani kwake. Augustino naye alimwandikia mama yake Monika kurasa ambazo mpaka leo huwatoa watu machozi, na katika kitabu cha tisa cha Maungamo anasimulia jinsi wao wawili, wakiwa Ostia, walivyozungumza juu ya uzima wa milele mpaka wakahisi wameugusa. Hata hivyo, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo, Augustino huyohuyo anasema haoni mwanamke aliumbwa amsaidie mwanamume katika lipi isipokuwa kuzaa, kwa sababu kwa ajili ya kuishi pamoja na kuzungumza ingefaa zaidi mwanamume mwenzake. Mtu aliyefika kwenye kilele cha mazungumzo ya maisha yake akiwa na mwanamke aliweza kuandika hivyo, na upendo wake kwa mama yake haukumzuia. Hapo ndipo fasili ya hisia za moyoni inapotuacha njiani.

Mwanafalsafa Kate Manne, katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, alipendekeza tuache kuuliza mtu anahisi nini na tuulize mwanamke anatendewa nini. Alitenganisha mambo mawili: itikadi inayohalalisha ukubwa wa mwanamume kwa kudai kwamba ndivyo maumbile yalivyo, na nguvu inayoulinda ukubwa huo kwa kumwadhibu mwanamke anayetoka nje ya mstari. Jina la chuki dhidi ya wanawake analitumia kwa jambo la pili. Mgawanyo huo una faida kubwa, ingawa kwa kazi ya kusoma matini za kale nadhani unahitaji kulegezwa, maana itikadi iliyoandikwa na mtu mpole katika karne moja huweza kuwa sababu ya adhabu katika karne nyingine. Kwa hiyo napendekeza fasili ifuatayo kwa matumizi ya darasani: chuki dhidi ya wanawake ni wazo, kauli, desturi au uamuzi unaomshusha mwanamke, unaomnyamazisha au unaomwadhibu kwa sababu ya uanawake wake, hasa anapodai au kushika nafasi inayohesabiwa kuwa ya mwanamume, hata kama mtendaji hana kinyongo chochote moyoni.

Najua fasili pana ina hatari yake. Ikiwa kila tofauti kati ya mwanamume na mwanamke itaitwa chuki, neno litakosa uzito, na wale wanaotendewa ukatili halisi ndio watakaopoteza. Mtu anayesema kwamba wanaume na wanawake wanatofautiana katika wajibu fulani bado hajasema kwamba mmoja ana thamani ndogo. Anaweza kuwa amekosea, lakini kukosea ni kitu kingine. Maswali ya kumuuliza ni haya: je, tofauti hiyo inatumika kumnyima mmoja sauti juu ya mambo yake mwenyewe? Na anayeikataa hufanywa nini?

Mfano ulio bora zaidi wa swali hilo la pili ni wa Kant, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 18. Mwaka 1764, katika kitabu chake kuhusu uzuri na utukufu, aliandika kwamba mwanamke mwenye kichwa kilichojaa Kigiriki, kama Bibi Dacier, au anayejadili mekanika kwa kina, kama Émilie du Châtelet, afadhali angekuwa na ndevu kabisa. Wahadhiri huitaja kauli hii kwa tabasamu, kama utani wa mzee. Tuitazame vizuri. Dacier alikuwa amemtafsiri Homer kwa Kifaransa. Du Châtelet alikuwa ameitafsiri kazi kuu ya Newton na kuiongezea maelezo yake, na tafsiri hiyo ilikuwa imechapishwa kwa ukamilifu mwaka 1759, miaka mitano tu kabla ya utani huo. Tena, katika kitabu chake cha kwanza kabisa, kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1740, Kant alikuwa amezijadili hoja za du Châtelet kuhusu nguvu za vitu vilivyo katika mwendo. Kwa hiyo hakuweza kusema kwamba mwanamke hana uwezo wa fizikia, kwa kuwa alikuwa ameshabishana naye kuhusu fizikia. Alichobakiwa nacho ni kumtoza faini: ukijua haya, utapoteza uanawake wako. Kauli ya namna hiyo haielezi maumbile ya mtu yeyote, inalinda mlango tu. Kama mwanafunzi akielewa mfano huo mmoja, ameielewa nusu ya fasili.

Fasili hiyohiyo itusaidie pia kujizuia. Hypatia, mwanamke mwanafalsafa na mwanahisabati, aliuawa na kundi la watu huko Aleksandria mwaka 415, na mara nyingi husimuliwa kama mwanamke aliyeuawa kwa kosa la kufikiri. Chanzo cha karibu zaidi na tukio hilo, mwanahistoria Mkristo Socrates wa Konstantinopoli, kinaeleza ugomvi wa madaraka kati ya askofu Cyril na liwali Orestes, ambaye Hypatia alikuwa mshauri wake. Huenda uanawake wake uliongeza ukatili wa tukio, lakini hatuna ruhusa ya kumgeuza kuwa ishara tu na kuisahau siasa iliyomuua. Hali kadhalika Gargi, mwanamke msomi katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu: anamwuliza mwenye hekima Yajnavalkya swali juu ya swali mpaka anaonywa kwamba akiendelea kichwa chake kitaanguka. Msomaji wa haraka ataona mwanamke anayenyamazishwa. Akiendelea kusoma atamkuta Gargi akirudi kuuliza tena mbele ya hadhara, na atamkuta mwanamume, Shakalya, ambaye kichwa chake kilianguka kweli. Wanafunzi wetu wanahitaji kujua kuona chuki ilipo, na vilevile kutoiona mahali ambapo haipo.

Sasa niguse udhuru ambao nimeusoma katika majibu ya mitihani mara nyingi kuliko hoja nyingine yoyote, nao huletwa na wahadhiri kabla ya wanafunzi: kwamba mwandishi alikuwa mtu wa zama zake. Kama historia, udhuru huu ni dhaifu mno. Aristotle alikaa miaka mingi katika shule ya Plato, na Plato, katika kitabu cha tano cha Jamhuri, alikuwa amesema kwamba katika kuulinda mji mwanamke na mwanamume wana maumbile yaleyale na wanastahili mafunzo yaleyale. (Plato huyohuyo, katika Timaeus, anasema wanaume waoga huzaliwa tena wakiwa wanawake. Yeye naye asipewe cheti cha usafi.) Kwa hiyo Aristotle hakurithi tu mawazo ya zama zake. Alisikia wazo tofauti kutoka kwa mwalimu wake mwenyewe, akalikataa. Katika karne ya kwanza Musonius Rufus, mwanafalsafa wa Roma wa shule ya Wastoa, alifundisha kwamba wanawake wamepewa na miungu akili ileile waliyopewa wanaume na kwa hiyo wanapaswa kusoma falsafa. Katika karne ya 12 Ibn Rushd, akiifafanua Jamhuri ya Plato katika kazi ambayo asili yake ya Kiarabu imepotea na kutufikia kwa Kiebrania, aliandika kwamba katika miji ya wakati wake uwezo wa wanawake haujulikani kwa sababu wanachukuliwa kwa ajili ya uzazi peke yake, na kwamba hali hiyo ni mojawapo ya sababu za umaskini wa miji hiyo. Aliyasema haya mtu aliyekuwa kadhi na mfafanuzi mkubwa kuliko wote wa Aristotle, na kozi zetu humtaja kama daraja la kumpitisha Aristotle kwenda Ulaya tu.

Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alipoandika mwaka 1762 kwamba elimu yote ya mwanamke iwe kwa kumtazama mwanamume, ili ampendeze na amfae, Poulain de la Barre alikuwa ameshachapisha mwaka 1673 hoja kwamba akili haina jinsia, na Mary Wollstonecraft alimjibu Rousseau waziwazi mwaka 1792. Mwaka huohuo wa 1792, katika mji uleule wa Kant, meya wake Theodor Gottlieb von Hippel, rafiki aliyekaribishwa mezani kwa Kant, alichapisha bila kutaja jina lake kitabu cha kudai haki za kiraia kwa wanawake. Ni zama zipi hizo tunazozitaja ikiwa wazo la kinyume lilikuwa limekaa upande wa pili wa meza?

Swali gumu zaidi ni kama chuki hiyo ni doa lililoangukia nguo au ni uzi uliofumiwa ndani yake. Wanaosema ni doa huonyesha kwamba kanuni za mantiki za Aristotle hazipotezi chochote ukiziondoa aya zake kuhusu wanawake. Wanaosema ni uzi huonyesha kwamba katika nadharia yake ya uzazi mwanamume hutoa umbo na mwendo, mwanamke hutoa maada, na mwanamke huelezwa kama mwanamume aliyepungukiwa, hivyo kwamba ukuu wa umbo juu ya maada, ulio nguzo ya metafizikia yake, umesukwa pamoja na ukuu wa mwanamume. Mimi naona jibu hutofautiana kitabu kwa kitabu. Mantiki haidhuriki. Nadharia ya familia na utawala katika Siasa hudhurika sana, maana pale anaposema kwamba mwanamke ana uwezo wa kufanya shauri lakini usio na mamlaka, hatoi sababu. Wataalamu bado wanabishana kama mamlaka hayo yanakosekana ndani ya nafsi ya mwanamke au yanakosekana kwa kuwa hakuna anayemsikiliza. Ikiwa ni hilo la pili, basi Aristotle ameielezea jamii na kuiita maumbile.

Thomas wa Akwino alilipokea wazo hilo na kulipanga upya. Ukitazama maumbile ya mtu mmoja mmoja, alisema, mwanamke ni kitu kilichopungukiwa; ukitazama maumbile kwa ujumla, hajapungukiwa, kwa kuwa Mungu alimkusudia kwa ajili ya uzazi. Wanaomshutumu hunukuu nusu ya kwanza na wanaomtetea hunukuu nusu ya pili, na wote wawili hutoka darasani wakiwa wameridhika. Tatizo ni kwamba katika maandiko yake kuhusu daraja takatifu hali ya utii ya mwanamke inatajwa kuwa sababu ya kutoweza kupewa upadri, yaani nadharia imeshakuwa amri. Biolojia iliyokuwa chini ya nadharia hiyo ilianguka kabisa pale Karl Ernst von Baer alipolieleza yai la mamalia mwaka 1827, ikajulikana kwamba mwanamke hatoi maada tupu. Msingi uliondoka na mengi yaliyojengwa juu yake yakabaki yamesimama, yakitafutiwa misingi mingine.

Kwa wale wanaohofu kwamba kuyasema haya darasani ni kuikosea adabu imani, nawakumbusha tamko la mwaka 1976 la ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani, lililothibitisha msimamo wa Kanisa Katoliki kwamba upadri ni wa wanaume. Tamko hilohilo linakiri kwamba katika maandishi ya Mababa wa Kanisa mna athari isiyokanika ya dhana zisizowatendea haki wanawake, ingawa linaongeza kwamba dhana hizo hazikuathiri sana kazi yao ya kichungaji. Mtu anaweza kukubaliana na msimamo wa tamko au kuukataa. Lakini kama ofisi hiyo iliweza kuliandika jambo hilo kwa maneno yake, mwalimu wa seminari hana sababu ya kulinong'ona.

Katika dini ugumu huongezeka kwa sababu muumini hasomi matini kama msomaji wa Kant anavyosoma, na mwalimu anayelisahau hilo hafai kuifundisha kozi hii. Pamoja na hayo, kuna tofauti kati ya andiko lenyewe, ufafanuzi wa wanazuoni, na matumizi ya taasisi, na ni ajabu jinsi tofauti hiyo inavyopotea pale mwanamke anapokuwa mada. Qurani, katika Sura An-Nahl aya ya 58 na 59, inamkemea baba ambaye uso wake husawijika anapopewa habari ya kuzaliwa mtoto wa kike, akajificha na watu na kuwaza amfukie mchangani. Hapo chuki dhidi ya wanawake imeelezwa kwa sura yake na kulaaniwa, karne nyingi kabla ya mwanafalsafa yeyote wa leo. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Bibi Aisha, aliposikia watu wakitaja kuwa sala hukatwa na mbwa, punda na mwanamke anayepita mbele, aliwaambia kwamba wamewafananisha wanawake na punda na mbwa, kisha akawaeleza kuwa Mtume alikuwa akisali naye akiwa amelala kati yake na kibla. Hilo ni pingamizi la kielimu, lenye ushahidi, kutoka ndani kabisa, na limo katika kitabu ambacho kila mwanafunzi wa hadithi anakijua.

Katika kitabu hichohicho imo riwaya ya Abu Bakra kwamba hawatafanikiwa watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao, iliyotolewa kufuatia habari za Waajemi kumtawaza binti wa Kisra, na ambayo Abu Bakra mwenyewe anasema aliikumbuka wakati wa Vita vya Ngamia, ambavyo Bibi Aisha alikuwa pamoja na jeshi la upande mmoja. Wanafiqhi wengi wa zamani waliichukua kuwa hukumu ya jumla kuhusu uongozi mkuu. Wengine, akiwemo Fatima Mernissi katika karne ya 20, walihoji mazingira yake. Madhehebu ya Hanafi yaliona mwanamke aweza kuwa kadhi katika kesi ambazo ushahidi wake unakubaliwa. Mwanafunzi anayefundishwa riwaya bila mjadala huo amefundishwa pungufu, na anayefundishwa kuibeza bila kuijua amefundishwa pungufu zaidi. Sijui pia ni kwa nini Karima al-Marwaziyya, aliyeisomesha Sahihi hiyo Makka katika karne ya 11 na kuwa mwalimu wa wanazuoni wa kiume, hatajwi katika muhtasari mwingi wa somo.

Upande wa Ukristo, barua ya kwanza kwa Timotheo inamkataza mwanamke kufundisha, na ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, inamtaka anyamaze kanisani, ilhali sura ya 11 ya barua hiyohiyo inatoa utaratibu wa jinsi mwanamke atakavyosali na kutoa unabii mbele ya watu. Katika Warumi sura ya 16 Paulo anamsalimu Yunia. Yohane Krisostomo, katika karne ya 4, alimsifu kama mwanamke aliyestahili kuhesabiwa pamoja na mitume. Wahariri kadhaa wa Agano Jipya la Kigiriki katika karne ya 20 walimwandika kwa jina la mwanamume, jina ambalo halijulikani katika maandishi ya wakati ule. Mhariri anayeamua kwamba mtume hawezi kuwa mwanamke, kisha akalirekebisha jina ili lilingane na uamuzi wake, huenda hana chuki yoyote moyoni. Fasili yetu inamhusu hata hivyo.

Wayahudi wametuachia mfano wa namna ya kuyahifadhi mabishano haya. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria na mabishano ya marabi, sehemu ya Sotah, Ben Azzai anasema baba ana wajibu wa kumfundisha bintiye Tora, na papo hapo Rabi Eliezer anasema anayefanya hivyo ni kama amemfundisha upotovu. Kauli mbili zimewekwa mahali pamoja, na hakuna iliyofutwa. Ndivyo ninavyotamani mitaala yetu iwe.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ninaomba aya nilizozitaja ziingizwe katika orodha ya usomaji wa lazima, kila moja pamoja na jibu lake: Aristotle na kitabu cha tano cha Plato na Ibn Rushd, Rousseau na Wollstonecraft, Kant na Hippel. Ninaomba barua za Elisabeth wa Bohemia kwa Descartes zisomwe kwa jina lake, kwa sababu swali la jinsi nafsi isiyo na mwili inavyouendesha mwili, alilolituma mwaka 1643, tunalitahini kila mwaka kana kwamba lilijiuliza lenyewe. Ninaomba pia watahini waache kutoa alama kwa jibu linaloishia kwenye maneno "mtu wa zama zake" bila kuonyesha zama hizo zilisema nini.

Ninaomba suala hili liwekwe katika ajenda ya kikao kijacho cha kupitia mitaala, na wanafunzi na wahadhiri wa kike wasikilizwe kabla ya uamuzi kufikiwa. Idara itakayohitaji orodha ya matini pamoja na maswali ya mfano ya mtihani, niko tayari kuiwasilishia.

Wenu katika kazi ya ualimu,

Mhadhiri wa falsafa ya dini